Sinema Nilizomsimulia Paker

Macho yangu hayajawahi kunisumbua. Naanza na hilo kwa sababu mwaka mzima nilipougua mgongo, kila nilipofika kliniki hapa Kitengela niliulizwa habari ya macho. "Mama, macho yako vipi? Rangi unaziona?" Muuguzi aliinua kifuniko cha kalamu, chekundu halafu cha kijani, nami nikamtajia. Mojawapo ya dawa nilizomeza ingeweza kuchezea macho, kwa hiyo hawakunipa kidonge kabla ya kuuliza. Na kila mara, pembeni yangu kwenye benchi, aliketi mama mkwe wangu, amenishikia sweta na chupa ya uji, anasubiri kunirudisha nyumbani. Yeye hakuna aliyemuuliza, na mimi ni mmoja wa hao ambao hawakumuuliza. Yeye ndiye aliyekuwa akipofuka.

Sasa natembea. Nimerudi kwenye cherehani, nusu siku tu, na kiti changu kina mto wa kuegemea. Kanisani nimeitwa mbele zaidi ya mara moja kutoa ushuhuda, nikautoa, watu wakapiga makofi. Lakini kuna sehemu ninayoiruka kila mara. Nadhani mtu anayeihitaji ni yule aliyelala sasa hivi kwenye kochi la sebuleni, anageuzwa na kuogeshwa na mtu wa nyumbani kwake. Hii ni ya huyo.

Mama mkwe wangu simwiti mama. Siku nilipoolewa, mimi binti wa Kikuyu kutoka Gataka, nilifika kwao Illasit nikasimama mlangoni na kukataa kuingia, kama mashemeji walivyonifundisha, mpaka nipewe zawadi. Yeye akatoka na kondoo jike, akaniwekea kamba mkononi. Kwa Wamaasai mkishapeana mnyama, jina la kuitana linatoka kwa mnyama huyo. Tangu siku ile ananiita Paker, nami namwita Paker, yaani sisi wawili wa kondoo. Wageni hutusikia tunaitana jina moja kutoka vyumba viwili na kuchanganyikiwa, lakini sisi tumezoea.

Mgongo ulianza kuuma msimu wa yunifomu. Januari Kitengela nzima inataka sketi za shule, nami hukaa kwenye cherehani mpaka miguu inakufa ganzi, kwa hiyo nililaumu cherehani. Duka la dawa likanipa vidonge vya maumivu, jirani akanipa mafuta ya kuchua. Usingizini nikawa natoka jasho la kulowesha shuka. Sketi zangu mwenyewe nikawa nazipunguza kiuno, na kusema kweli mwanzoni nilifurahi kukonda. Mvua ndefu ilipokuja, na ule udongo wetu mweusi ukaanza kung'ang'ania viatu, siku moja miguu ilikataa pale langoni. Haikuuma, ilikataa tu. Nilikaa kwenye tope na mfuko wangu wa vitunguu mpaka mume wangu, Baba Naserian, akatoka kunibeba.

Waliponipiga picha ya mgongo walisema ni TB. Nikawaambia mimi sikohoi. Daktari akanieleza kwamba si lazima TB ikae kifuani. Yangu ilikuwa imeketi kwenye pingili za mgongo inazila polepole. Dawa ni za mwaka mzima, akasema, miezi miwili ya kwanza aina nne, halafu aina mbili mpaka mwisho. Nilivalishwa mkanda mgumu wa plastiki kutoka kwapani hadi nyonga, nikaambiwa nilale. Hata kugeuka nisigeuke mwenyewe. Nigeuzwe mzima mzima, kama gogo.

Ningekuwa na watu wengi nyumbani, nisingekuwa na hadithi hii. Mama yangu kule Gataka magoti yamemshinda. Naserian, binti yetu wa pekee, alikuwa shule ya bweni. Baba Naserian ni mtu wa mnada, leo yuko Bissil, kesho Kajiado, na mbuzi hawajiuzi. Jirani aliyenipa mafuta ya kuchua aliposikia neno TB aliacha kunywa chai kwetu, ingawa daktari alisema ya mgongoni haiambukizi kwa kikombe. Basi Baba Naserian akampigia mama yake simu.

Paker alifika na gunia la maharagwe, chupa ya mafuta ya kondoo aliyoyayeyusha mwenyewe, na kichupa kidogo cheupe alichokiweka dirishani karibu na Vaseline.

"Takwenya, Paker," akanisalimu kwa Kimaa.

"Iko," nikajibu.

Alinipapasa mbavu juu ya shuka. "Umekonda hivi na hukuniambia?"

"Nilidhani ni cherehani."

"Cherehani haikuli nyama."

Nilimuuliza kichupa kile ni cha nini. Akasema ni dawa ya macho aliyopewa Loitokitok, matone, akabadilisha maneno kwa kunikorogea mafuta kwenye maziwa moto. Yalinuka kondoo, lakini alikuwa ameketi pale kuhakikisha, kwa hiyo nilikunywa. Siku fulani baadaye niliona kichupa hakipo tena dirishani. Nilidhani amekihamisha.

Ningependa niseme mengi juu ya kuogeshwa na mama mkwe, lakini nitasema kidogo. Kwetu si jambo la kawaida, na kwao hata zaidi. Siku ya kwanza nililia kwa aibu. Akaniambia, "Wewe usijali, mimi nafunga macho." Na kweli alifumba. Aliniosha mwili mzima kwa kupapasa, mgongo, makwapa, vile vifupa vya nyonga vilivyokuwa vimetokeza, akiimba wimbo wa kanisa kwa Kimaa, macho yamefumbwa. Nilimshukuru Mungu kwa heshima ile. Sasa nikikumbuka, sijui ni siku gani aliacha kuyafumba kwa heshima.

Sinema zilianza wiki ya kwanza ya vidonge. Dikoda yetu ni ile ya kawaida isiyolipiwa, na rimoti yake ilishapoteza kitufe cha kurudi nyuma. Ukiipita chaneli, unakwenda mbele mpaka uzunguke. Nilikuwa nimelala chali, nabonyeza tu. Nikapita taarifa ya habari, wahubiri, wauza sufuria, mwingine anayeuza dawa ya kila ugonjwa, nikafika zile namba za mwisho ambazo sijui nani huzifikia. Ghafla rangi zikapotea. Watu walikuwa weupe na kijivu, nguo kijivu, mbingu kijivu. Muuguzi alikuwa ameniambia siku mbili kabla kwamba nikiona rangi zinafifia nisingoje hata kidogo.

"Paker! Macho yangu! Rangi zimeisha!"

Alitoka jikoni na mwiko mkononi. Akaisogelea TV, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Wewe unaona rangi gani?" nikamuuliza.

"Mimi naona sawa," akasema. "Iko vile huwa inakuwa."

Ndipo nilipomtazama yeye. Shuka begani mwake lilikuwa jekundu, jekundu kama siku zote. Nikaelewa kwamba ni sinema ya zamani, iliyopigwa kabla ya rangi. Nilicheka mpaka mgongo ukanichoma, naye akacheka kwa kuwa mimi nacheka. Kisa hicho nilimsimulia kila mgeni aliyekuja kuniona, na kila mgeni alicheka pale ninapopiga yowe. Jibu la Paker nililisimulia pia, neno kwa neno, na sikuwahi kulisikia.

Kwenye kioo kulikuwa na mwanamke wa kizungu mwenye koti refu, amesimama stesheni ya treni, moshi umemzunguka. Paker akavuta kigoda chake, akaketi karibu kabisa.

"Anangoja nani huyo?"

"Sijui bado. Nyamaza nisikie."

Paker hajui Kiingereza, na Kiswahili chake ni cha sokoni Illasit. Kwa hiyo nikaanza kumtafsiria, kwanza maneno, halafu na mambo mengine, kwa maana alikuwa anauliza kila kitu. Ameingia nani? Ameshika nini? Amekasirika ama anacheka? Nilifikiri ndivyo mtu anayependa hadithi anavyouliza. Nikawa namwambia yote, nani amevua kofia, nani amefunga mlango, machozi yamefika wapi. Kufikia katikati ya baridi ya Julai, upepo wa Kitengela unapiga mabati nami nimefunikwa blanketi mpaka kidevuni, nilikuwa fundi wa kusimulia. Saa za mchana zilizokuwa zinanitisha zikawa ndizo ninazozingojea.

Zilizompendeza zaidi ni zile za wazungu wanaochunga ng'ombe wakiwa juu ya farasi. Hizo alizitazama kwa hasira.

"Wanawafukuza mbio hivyo, ng'ombe watashiba saa ngapi?"

"Ni ng'ombe wa nyama, Paker."

"Nyama gani? Si inaisha njiani! Yule mwekundu wa mbele ameshachoka."

"Umejuaje ni mwekundu? Hapa hakuna rangi."

"Anatembea kama mwekundu," akasema, na hapo mjadala ukafungwa.

Kulikuwa na sinema moja ya msichana aliyekohoa kwenye leso, kitandani, dirisha limefunguliwa. Niliujua ugonjwa ule kabla hawajautaja. Chaneli hiyo ilikuwa na tabia ya kukata sinema katikati na kuleta tangazo la mitishamba, na siku hiyo ikakata, haikurudi. Jioni Paker akiombea ugali nikamsikia, "Na yule msichana wa kikohozi, Engai, Mungu wetu, umkumbuke." Alimwombea siku nyingi. Mwishowe akaniuliza kama alipona.

"Alipona," nikasema. "Walimpa vidonge vya mwaka mzima."

"Na nani alikuwa anamgeuza?"

"Mama mkwe wake."

"Huyo mama alikuwa mzuri?"

"Kidogo tu."

Alinipiga na kitambaa cha jikoni. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yetu. Chaneli ikikata, mimi natunga mwisho, naye anapima kama unafaa. Mwisho wa kifo alikuwa anaukataa.

Wamama wa kanisa walikuja mara kwa mara kuniona, kama ilivyo kawaida, na sukari na unga na majani ya chai. Paker alikuwa na adabu ya zamani. Akisikia hodi tu, anazima TV na kuifunika kwa kile kitambaa chake cha kufuma, kana kwamba kuna msiba. Basi wale wamama wananiombea, wameweka mikono juu ya mkanda wangu, nami nimefumba macho nikijiuliza kama yule mwizi wa benki ameshashikwa. Nawaomba msamaha. Waliacha kazi zao kuja kuniombea mgongo, na maombi yalijibiwa, lakini kuna siku nilitamani waseme amina waende.

Baba Naserian alirudi siku moja kutoka mnadani, vumbi hadi kwenye kope, akatukuta tunacheka mpaka Paker ameshika mbavu. Kwenye sinema mtu mnene alikuwa ameanguka kwenye pipa. Mume wangu alisimama mlangoni akatutazama.

"Mimi nahangaika huko na jua," akasema, "na nyinyi mko hapa mnacheka na wazungu walikufa kitambo."

 Alikula amesimama jikoni. Nilijua yuko sawa, na nilijua pia kwamba akitoka tutaendelea.

Hiki ndicho ninachokiruka kanisani. Ile miezi ya ugonjwa ilikuwa mizuri. Mtu anatakiwa aseme alipita katika bonde la mateso, na maumivu nilikuwa nayo, nisidanganye. Kuna siku nilimeza vidonge nikavitapika nikaanza upya. Lakini tangu utoto sijawahi kulala mchana nikitazama kitu pamoja na mtu anayenipenda, bila sketi ya mtu inayosubiri pindo. Nilifurahi. Nilifurahia masaa yale yote, na yule niliyekaa naye alikuwa anayalipia, na sikuona. Kila mtu ananiambia nisijilaumu. Wana haki ya kusema hivyo. Mimi bado najilaumu.

Kwa sababu dalili zilikuwepo. Chai alikuwa anamimina akiwa ametumbukiza ncha ya kidole ndani ya kikombe, nami nikadhani ni mtindo wa Illasit. Alimkanyaga paka wetu mara tatu kwa wiki moja mpaka paka akahamia kwa jirani. Giza likianza kuingia hakutoka nje kwa lolote. Naserian alipokuja likizo ya Agosti alimcheka bibi yake pale kwenye kigoda, "Koko, aki ukikaa karibu hivyo na TV utaharibu macho!" Tukacheka sote watatu, na aliyecheka zaidi ni Koko mwenyewe. Nami kila mwezi naendelea kupelekwa kliniki nimelazwa kwenye mkokoteni wa kukodi, naulizwa macho yako vipi, najibu yako sawa, namshika mkono yeye akitembea kando ili aniongoze kurudi. Sasa najua kwamba barabarani mimi ndiye niliyekuwa namwongoza yeye.

Mvua fupi zilipoanza, daktari aliniruhusu nisimame. Kwanza dakika chache nikishika meza, halafu hadi dirishani. Ukilala muda mrefu unasahau kwamba nyumba yako unaijua kutoka chini tu. Nilikuwa naijua dari, miguu ya viti, na uso wa Paker anaponiinamia. Sikuwa nimewahi kumwona akitembea kutoka mwanzo wa chumba hadi mwisho. Siku niliyofika jikoni mwenyewe, nikiwa nimejishikilia ukutani, nilimkuta ametoka kwenda uani kuteka maji kwenye tanki.

Kutoka mlango wa jikoni kulikuwa na kamba ya katani, imefungwa kwenye komeo, inakwenda hadi kwenye tanki, na kutoka tanki hadi choo. Ilikuwa imefika usawa wa kiuno. Haikuwa na nguo hata moja. Paker alikuwa anarudi na ndoo mkono mmoja, na mkono mwingine unateleza juu ya kamba, uso umeinuliwa juu kidogo, kama mtu anayesikiliza mbali.

Alifika hatua moja kutoka kwangu na hakujua nipo.

"Paker," nikasema.

Maji yalimwagika miguuni. "Nani amekusimamisha? Rudi ulale!"

"Hii kamba ni ya nini?"

"Ni ya kwenda kwa tanki."

"Tangu lini?"

Aliweka ndoo chini. "Tangu baridi."

"Na ile dawa yako ya dirishani?"

"Iliisha."

"Kwa nini hukusema? Kwa nini hukurudi Loitokitok wakupe ingine?"

"Ningerudi, nani angekugeuza?" Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeniambia unga uko wapi. Halafu akatabasamu upande ambao sikuwepo. "Na sinema pia nilikuwa nazipenda. Wewe unasimulia vizuri."

Niliketi pale pale kwenye kizingiti, mkanda ukinibana mbavu, nikalia mpaka akaogopa nimevunjika.

Wiki hiyo hiyo tulikwenda kliniki ya macho Kajiado. Kilikuwa kibaraza kirefu chenye mabenchi, wazee wengi wa mashuka na fimbo, kila mmoja na mtu wake wa kumshika. Nilikuwa nimekaa wima kwa mara ya kwanza safari ndefu vile, jasho linanitoka ndani ya plastiki, na sikuthubutu kusema nimechoka. Paker alikuwa ameshika sweta langu. Nilimnyang'anya, nikashika lake.

Daktari wa macho alikuwa kijana mpole. Alimchunguza kwa taa, akampima presha ya macho, akaandika. Halafu akatoa kalamu mfukoni, akainua kifuniko chake mbele ya jicho la kulia.

"Mama, hii ni rangi gani?"

 Paker aligeuza uso polepole kunielekea mimi, akangoja. Alikuwa anangoja nimsimulie.

"Mama, wewe usimwambie," daktari akaniambia.

Sikumwambia.  Kifuniko kilikuwa chekundu. Paker akaendelea kunigeuzia uso, na kidogo kidogo nikaona ameelewa kwamba safari hii sitasema, na akainamisha kichwa.

Jicho la kulia lilikuwa limekwisha. La kushoto lilibaki na tundu dogo la kuonea, kama mtu anayechungulia kwenye ufa wa mlango. Daktari alisema presha ya macho huiba kidogo kidogo kutoka pembeni, na kilichoibwa hakirudishwi. Upasuaji ungeweza tu kulinda kile kilichobaki, na hata hilo haahidi. Aliuliza kwa upole alikuwa anaishi na nani miezi hiyo yote. Nikasema, "Na mimi."

Tulipofika nyumbani nilimweleza Baba Naserian kila kitu. Alisikiliza huku akiikunja na kuikunjua kofia yake. Hakupaza sauti.

"Mama alikuja hapa akiona," akasema.

Akaenda kwa kondoo wake nyuma ya nyumba. Tuliishi na sentensi hiyo mpaka Krismasi ikapita. Hakuirudia na hakuifuta, na mimi sikumwomba aifute. Kitu alichofanya ni kukaza ile kamba ya katani vizuri zaidi na kuongeza nyingine hadi langoni.

Paker alifanyiwa upasuaji katika lile jua kali la Januari, yunifomu zinashonwa na watu wengine. Kochi likawa lake. Mimi nikahamia kwenye kigoda. Nilimwekea matone asubuhi na jioni, kichupa nikakiweka tena dirishani karibu na Vaseline, na nilikitikisa kila siku kusikia kama kimebaki kingi. Alikataa nimwogeshe mpaka nilipomwambia nitafunga macho. Daktari alikuwa ameonya kwamba jicho litakuwa na ukungu wiki nyingi, na kwamba ni baada ya hapo tu ndipo tutajua kama lile tundu limebaki au nalo limekwenda. Hakuna mtu nyumbani aliyelitaja jambo hilo. Paker mwenyewe hakusema anaona nini, na mimi sikuthubutu kumwinulia kifuniko cha kalamu.

Vidonge vyangu viliisha mvua ndefu ilipoanza kunyesha tena. Mkanda wa plastiki uliwekwa juu ya kabati. Mchana mmoja wa wiki hiyo hiyo, mvua ikipiga mabati, Paker aliketi kwenye kochi akasema, "Weka ile yetu."

Tangu Kajiado hatukuwa tumeigusa. Nilichukua rimoti nikabonyeza mbele, nikapita taarifa ya habari, wahubiri, sufuria, mitishamba, mpaka zile namba za mwisho. Chaneli yetu haikuwepo. Ilikuwa imefungwa, sijui lini. Kulikuwa na kioo cha bluu na maandishi meupe madogo katikati yakisema hakuna mawimbi.

Yeye alikuwa ameshatoka kwenye kochi akahamia kigodani, amekaa karibu, mikono magotini, anangoja. Nilishindwa kumwambia.

"Imeanza," nikasema.

"Nani yuko?"

"Mwanamke. Ana koti refu. Yuko stesheni ya treni."

"Ni yule wetu?"

"Ni yule."

"Anangoja nani?"

"Bado hajasema. Kuna moshi mwingi. Ameweka sanduku lake chini, sasa anaangalia saa ya ukutani. Kuna mtu anapita amevaa kofia, lakini si yeye. Anaketi. Anavua glavu." Nilisimulia kama nilivyosimulia siku zote. Paker aliinama mbele, akazungusha uso kidogo kulia, kidogo kushoto, jinsi mtu anavyotafuta tundu la ufunguo. Kisha akatulia. Alikaa hivyo muda mrefu, nami nikaendelea kumvua mwanamke yule glavu ya pili.

"Paker," akasema.

"Naam."

"Hapo hakuna mtu. Ni bluu tupu. Na maandishi nyeupe."

Nilikitazama kioo. Nikamtazama yeye. Nikaangua kilio, na kwa kuwa mkanda haukuwepo tena nilitikisika mwili mzima. Alinyoosha mkono, akanipapasa akanipata goti, akalishika mpaka nikamaliza.

"Lakini sijasema uache," akaniambia. "Huyo mtu anangojwa, alifika?"

"Alifika," nikasema. "Alichelewa, lakini alifika."